Dakika Moja Tu, Bosi Anakuja

Hivi dakika moja ya Dodoma ina sekunde ngapi? Nauliza kwa heshima zote, maana leo nimekaa nyuma ya gari la "dakika moja tu", kimtaa cha nyuma ya soko la Majengo, mpaka jua likahama kutoka kioo cha mbele likaja kunichoma kupitia dirisha la pembeni.

Kimtaa chenyewe mnakijua. Huku mtaro, huku meza za nyanya, katikati barabara kwa wanaoamini. Likipita gari moja la pili linasubiri, na bodaboda yenye gunia la mkaa inapenya kati yao. Huo ndio utaratibu wetu na hatuna ugomvi nao. Mimi nilikuwa na kigari changu, nyuma nimepakia matenga mawili ya kuku wa kienyeji kutoka Bahi, mteja keshapiga simu kuuliza kama nimewapakia au wanakuja kwa miguu. Nakata kona, nalikuta limesimama. Kubwa, jeusi, vioo vyeusi, limekaa mshazari, pua kwenye nyanya na mkia mtaroni. Taa za hazadi zinawaka. Siku hizi mtu akishawasha hazadi kamaliza kila kitu: ameomba ruhusa, amekubaliwa, na ameshukuru.

Namba zake sizitaji. Zinaanza na herufi zile zinazokufanya usalimie kwanza ndipo ulalamike.

Sasa mimi ni mstaarabu. Nikapiga honi moja fupi, ya hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, ya kujuliana hali. Ya tatu ilikuwa ndefu, na kwa kweli ilikuwa na matusi ndani, ila matusi ya honi hakuna mahakama inayoyatafsiri. Wakati huo nyuma yangu limefika guta la saruji, bajaji mbili, na Fuso la viazi. Na mnawajua watu wa nyuma. Mtu wa nyuma anaamini kwa moyo wake wote kwamba wa mbele yake ndiye tatizo.

"Mzee, sogea bwana!"

Nisogee wapi? Nipae?

Nikashuka. Mama wa nyanya akaniambia, bila hata kuacha kupanga mafungu yake, "Baba, gonga kioo. Mtu yumo humo."

Mtu yumo! Injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, dereva kalaza kiti, kofia usoni. Nikagonga. Kioo kikashuka upana wa vidole viwili. Ubaridi ukatoka, nikaufaidi kidogo kabla sijasema shida yangu.

"Habari za kazi, mwanangu. Naomba usogeze kidogo tupite."

"Siwezi, mzee wangu. Bosi kasema nimsubiri hapa hapa."

"Si usogee pale mbele tu? Akitoka atakuona, gari lenyewe linaonekana kutoka Mtumba, kule mji wa Serikali."

"Akitoka asiponikuta hapa, kesho nitakuja kwako kuomba kazi ya kubeba matenga."

"Na yuko wapi huyo bosi?"

"Kaingia hapo mara moja. Dakika moja tu anakuja."

Kioo kikapanda. Hata kwaheri hakuna.

Nikasimama pale nikitengeneza hotuba kichwani, ya kumpa bosi akitoka. Hotuba nzuri. Kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na mwaka huo huo wa 1973 ndipo TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Yaani hii sheria na haya makao makuu ni mapacha kabisa, na zaidi ya nusu karne imepita hawajatambulishwa. Nilipanga kumalizia kwa kunyoosha kidole juu.

Kabla bosi hajatoka, akatokea kijana wa kizibao na kimashine chake mkononi. Mnawajua, wale wa ushuru wa maegesho. Moyo ukanitulia. Nikamwelekeza kwenye lile jeusi kwa mikono miwili, nilivyomwelekeza mchungaji kwenye kiti siku ya ubarikio wa mwanangu. Kijana akalizunguka. Akasoma namba. Akatazama kimashine, akasoma namba tena, akakohoa, akapita. Akaja kwangu. Akaipiga picha namba yangu.

"Kijana, unafanya nini? Mimi sijapaki, nimezibiwa!"

"Gari limesimama, mzee. Humu ndani hamna kipengele cha kuzibiwa."

"Na lile?"

"Lile lina dereva ndani. Lile halijapaki, linasubiri."

"Na langu dereva wake ni nani?"

"Wewe hapo. Lakini umeshuka."

Nikakosa jibu. Nawaambia ukweli, nimekaa nikiitafakari hiyo hoja mpaka sasa na sioni pa kuivunjia. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu hapo hapo, una kontro namba na kila kitu. Huduma ya haraka namna hiyo sijawahi kuipata katika nchi hii, na nimefuatilia hati ya kiwanja.

Hasira zikanipanda, nikarudi kwenye kigari nikabamiza mlango. Tenga la juu likayumba, kifuniko kikaachia, na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, asiye na adabu, akatokea dirishani. Akatua juu ya meza ya nyanya, akafukuzwa kwa ufagio, akaruka akatua juu ya boneti jeusi la yule mheshimiwa. Boneti la moto. Jogoo akacheza kwanza mguu huu, akacheza mguu ule, halafu akafanya kile ambacho kuku akishtuka hufanya. Pale pale, katikati, kwenye weusi unaong'aa.

Mlango ukafunguka. Mlango ambao honi ya Fuso imeushindwa! Dereva katoka mbio, kitambaa mkononi, chupa ya maji mkono wa pili, "Mzee, kuku wako! Mzee, kuku wako huyu!" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuku hajapaki, anasubiri.

Mtaa mzima ulicheka. Hata yule wa kizibao alicheka. Lakini mnadhani gari lilisogea? Alilifuta tu. Akalifuta vizuri sana, likang'aa, pale pale katikati ya barabara, akarudi ndani.

Ndipo bosi akatoka. Mama wa heshima zake, kilemba, simu sikioni, mkononi mfuko wa ubuyu. Ubuyu! Nikakohoa. Nikainua kidole. 1973 iko mdomoni kabisa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyo jogoo anauzwa?"

"Elfu thelathini, mama."

"Mmh. Ishirini."

"Mama, huyu ni wa Bahi, katembea, ana mifupa ya kweli."

Nyuma honi zinalia, mwenye Fuso anataja wazazi wangu kwa majina ambayo hawakupewa, sisi tunapatana. Tukakubaliana ishirini na tano. Jogoo akaingia kwenye gari, mbele, kwenye kiyoyozi. Yule mama akageuka akatazama foleni iliyofika mpaka kwa wauza mitumba, akasikitika kutoka rohoni: "Jamani, hii Dodoma siku hizi imekuwa Dar."

Wakaondoka.

Si huyo mama peke yake, nisimwonee. Fundi anashusha injini barabarani na kutega matawi ya mti mbele na nyuma. Duka la vifaa vya ujenzi linashusha nondo saa nne asubuhi. Daladala inasimama pale abiria alipoota kusimama. Serikali ilianza kuhamia huku 2016, jiji tukatangazwa 2018, treni ya umeme nayo imekuja 2024 na watu wake, magari yote yakafika, ila upana wa vimtaa vya sokoni haukuhama kutoka popote. Sawa, hilo nalielewa. Nisichoelewa ni oparesheni. Oparesheni inaanza Jumatatu kwa kamera na vipaza sauti, wanafunga minyororo kwenye magurudumu, wanabeba pikipiki na mikokoteni ya watu, na waandishi wakishaondoka, minyororo nayo inaondoka. Mwenye guta anakaa wiki anatafuta hela ya kulikomboa. Yule wa vioo vyeusi hajawahi kujua kama kulikuwa na oparesheni. Alikuwa anasubiri. Faini ya barabarani kwa gari ni elfu thelathini, jogoo mzima wa bei ya kuanzia, na sijawahi kumuona mtu wa hazadi akiilipa. Mimi naijua mpaka harufu ya karatasi yake.

Na maharusi je? Jumamosi matarumbeta yako kwenye pikapu, bibi harusi katoa kiwiliwili juu ya paa la gari, msafara unazunguka kipilefti mara ngapi sijui, mpiga video anaomba warudie kwa sababu upepo umegeuza shela, na sisi wengine tumezimisha magari tunashangilia kwa nguvu tusionekane wachoyo. Halafu unakuta hiyo harusi umeichangia. Jana nimetumiwa kadi ya nyingine, mtoto wa binamu, kikao kimeshafanyika bila mimi na nimepangwa kamati ya usafiri na maegesho. Nimempigia mwenyekiti kuuliza kamati yangu ina bajeti gani. Kaniambia nije na kigari changu, na nisisahau kuleta kuku.