Haina moshi, lakini nikotini ni ileile

Kwenye stendi za bodaboda hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kijana hana haja tena ya kujitenga pembeni avute sigara. Anafungua kikopo cha duara, anatoa kifuko cheupe cha nikotini, anakibana kati ya ufizi na mdomo wa juu, kisha anapakia abiria. Ukimuuliza, jibu liko tayari: "Mzee, hii haina tumbaku."

Kweli haina. Moshi nao haumo, kwa hiyo mvutaji sugu aliyeachana kabisa na sigara huenda amejipunguzia hatari. Shida ni kwamba wengi ninaowaona hawajawahi kuvuta. Wameanzia hapa, kwa ladha ya mnanaa, na kilichomo ndicho kile kinachomfunga mvutaji.

Hebu soma kikopo. Kuna vifuko vya miligramu 3, kuna vya 20 na kuzidi. Sigara moja humwingizia mtu miligramu 1 hadi 2 hivi. Chingamu ya nikotini wanayopewa wanaotaka kuacha sigara huwa ya miligramu 2 au 4. Si nikotini yote ya kifuko inayoingia mwilini, lakini ndani huwekwa pia magadi ili ipenye ufizi upesi. Ndiyo maana pale kinapobanwa panawasha, na mtumiaji mgeni hupata kwikwi, kichefuchefu na kizunguzungu, moyo unaenda mbio, presha inapanda. Na huyo ndiye amembeba mama na mtoto katikati ya malori ya hapa mpakani!

Ufizi huweza kutoka vidonda. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na nikotini huuingilia. Mjamzito asikiguse kabisa. Vikopo vikae mbali na watoto wadogo, maana kifuko kikimezwa kinaweza kumpa mtoto sumu.

Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku isiyovutwa, na ikakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21. Sasa muuzaji anajificha nyuma ya "haina tumbaku". Ng'ambo, Kenya iliisimamisha Lyft, chapa ya vifuko hivi, mwaka 2020. Baadaye vifuko vikarudi kwa jina la Velo. Bunge letu liitaje nikotini yenyewe, yoyote ile, na liweke kikomo cha miligramu.