Giaboksi Haijafa, Fundi Ndiye Ana Haraka ya Kuzika

Jamani, hivi Dar es Salaam hii kuna mtu ambaye si fundi? Trekta langu likipata homa kidogo tu hapa Gongo la Mboto, bodaboda wa kijiweni anajua tatizo, muuza mihogo anajua, hata yule mzee anayecheza bao chini ya mwembe, ambaye hajawahi kumiliki baiskeli, anainua kichwa na kutoa hukumu: "Giaboksi hiyo. Imekufa." Halafu anaendelea kula kete za mwenzake.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kutoka kiwandani 1964, mwaka uleule wa Muungano, na lenyewe lina kero zake lakini lipo. Masika linalima mashamba ya watu kule Kisarawe, kiangazi linavuta tela la mchanga. Linatulisha. Ndiyo maana likikohoa mimi silali.

Sasa hili langu lina kile kitu wanaita Multi-Power, kijiti kidogo pale kwenye dashibodi. Unakisukuma, trekta linaongeza mwendo bila kukanyaga klachi; unakirudisha, linapunguza. Ndivyo gia 6 za mbele zinavyogeuka 12. Raha tupu, mpaka siku ile. Asubuhi linakwenda vizuri, linanguruma kwa heshima, lakini oili ikishapata moto na tela likiwa na mzigo, mwendo wa juu unalegea. Injini inapiga kelele imefika mjini, matairi bado yako Pugu.

Nikampigia fundi. "Nipo hapa Banana, mzee, nakuja sasa hivi." Banana na kwangu ni pua na mdomo. Lakini nyuma ya sauti yake namsikia konda anaita, "Rangi Tatu! Mbagala Rangi Tatu hiyo!" Nikanyamaza. Unabishana vipi na mtu ambaye ameihamishia Banana Mbagala?

Akaja alasiri, mikono mfukoni. Hakuomba spana, hakuuliza limeanza lini. Akaligonga kwa kiatu mara moja, akatikisa kichwa: "Hapa tunapasua."

Kwa msiojua, trekta hili halina chasisi. Injini, giaboksi na difu vimefungwa kwa boliti, hivyohivyo ndiyo mwili wenyewe. Ukitaka kuiona klachi lazima ulikate kiuno: nusu ya mbele inakaa kwenye jeki, nusu ya nyuma kwenye magogo. Kupasua ni hela, na kurudishia ni hela nyingine. Tena mtaa wa pili kuna bwana mmoja alikubali kupasuliwa lake. Nusu ya mbele ina injini haina pa kupeleka nguvu, nusu ya nyuma ina matairi haina wa kuisukuma. Katikati wamefunga kamba, wanaanika kanga. Fundi wake, kila akipigiwa, yupo Banana.

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hatujapasua mtu, si tuangalie oili kwanza?"

"Mzee, mimi nimetoka Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, haya matrekta nayajua."

"Najua baba. Fungua nati ya chini."

Maana oili ya giaboksi, difu na haidroliki kwenye trekta hili ni hiyohiyo moja, ikichafuka imechafuka nyumba nzima. Akafungua, uso umenuna. Ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Kijiwe kizima kimya. Hata mzee wa bao aliganda na kete mkononi.

"Si nilisema, mzee?" fundi akavunja ukimya. "Maji haya."

Alisema lini? Kwa nani?

Maji yenyewe hayakutoka mbali. Ile raba inayofunika shina la gia ilikuwa imechanika, trekta linalala nje, na mvua ya masika mnaijua. Yanateremka na shina, yanaingia ndani, yanachanganyika na oili, chujio linajaa utando. Na mwendo wa juu wa Multi-Power unashikiliwa na presha ya oili. Presha ikipungua, umeachwa. Mwendo wa chini hauitegemei hiyo presha, ndiyo maana wenyewe ulikuwa mzima muda wote huo tunaotangaziwa msiba.

Basi nikaenda Gerezani kutafuta raba. Ukiulizia kitu cha bei ndogo pale, muuzaji anakuangalia miguu kwanza.

"Raba peke yake? Chukua na giaboksi nzima mzee wangu, ipo ya mtumba, safi kabisa."

"Nataka raba."

"Unataka orijino, au orijino yenyewe?"

Hapo nikaishiwa Kiswahili. Nikalipa. Oili nayo ndiyo usiseme, dumu zima la lita 20 linaingia na bado trekta linadai. Mama watoto alipoona madumu yanashushwa alidhani ni ya kupikia, akatoka na karai.

Tukasafisha kwa dizeli, tukaweka chujio, oili mpya na raba. Tukalipeleka mlimani kwa majaribio, fundi amekaa kwenye madigadi kama bosi. Kupanda, mwendo wa juu ukashika vizuri, halilegei hata kidogo. Kuteremka, nikaweka mwendo wa chini makusudi nione. Likaanza kuserereka lenyewe. Fundi hakusubiri maelezo, aliruka! "Mzee ruka! Giaboksi imeachia!"

Giaboksi haijaachia kitu. Multi-Power ukiwa mwendo wa chini injini hailizuii trekta kwenye mteremko, ndivyo lilivyozaliwa. Unaweka mwendo wa juu kabla hujaanza kuteremka, na ukiegesha unavuta hendibreki, la sivyo utalikuta sebuleni kwa jirani. Nikakanyaga breki, likasimama. Yeye nikamkuta kichakani anajitoa miiba.

"Mzee, hili lazima tupasue."

Nimemlipa hela yake, nikamshukuru, tukaagana vizuri tu. Saa nne usiku meseji inaingia: "Mzee giaboksi nimeshaipata hapa Gerezani mwenyewe anasafiri kesho, tuma advansi. Weka na ya kutolea."