Ha Seung-jin: aliondoka mapema, au aliondoka wakati mlango uko wazi?

Namba 46 imemganda Ha Seung-jin kama kivuli. Mwaka 2004 Portland Trail Blazers, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani, walimchagua akiwa wa 46 kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Misimu miwili baadaye, alipoondoka Portland, alikuwa amecheza michezo 46. Hakucheza mwingine NBA. Ndiye Mkorea pekee aliyewahi kuingia uwanjani katika ligi ile, na kwa wengi hadithi yake inaishia hapo: pointi 1.5 na ribaundi (mipira ya kudaka baada ya mtupo kukosa) 1.5 kwa mchezo, ndani ya dakika zisizofika saba.

Wanaosema aliharakisha wana hoja nzito. Alikuwa na miaka 18 siku ya drafti, ametoka Chuo Kikuu cha Yonsei ambako hata hajakaa sana, na mwili wa sentimita 221 ambao miguu yake ilikuwa bado haijajua namna ya kuubeba. Mlinganishe na Yao Ming, yule Mchina mrefu. Yeye alikomaa kwanza na Shanghai kwenye ligi ya wakubwa, akavuka bahari mwaka 2002 akiwa mtu mzima, mchaguliwa wa kwanza. Ha alikwenda kujifunzia mahali ambapo hakuna mwenye muda wa kukufundisha. Na Portland ya wakati ule haikuwa timu ya kutisha: msimu wa 2005-06 ilishinda michezo 21 tu na kufungwa 61. Ukikosa dakika kwenye timu inayofungwa namna hiyo, ni vigumu kusema kocha alikuonea. Mwaka 2006 akahamishiwa Milwaukee, ambako hakuchezeshwa hata mchezo mmoja.

Sisi tunaomkumbuka Hasheem Thabeet tunaijua habari hii. Kimo kilekile, cha kwetu kabisa, na alichaguliwa wa pili mwaka 2009. Thabeet alikaa chuoni Connecticut miaka mitatu kabla ya kwenda, na bado NBA ilimtafuna, baadaye akacheza Japani na Taiwan. Kwa hiyo hiyo hoja ya "angesubiri akomae" mimi huipokea nusu. Mtu mrefu kiasi hicho hachaguliwi kwa anachokijua leo, anachaguliwa kwa kile mabosi wanachokiota. Ndoto hiyo ina nguvu zaidi ukiwa na miaka 18. Ukifika 23 wameshakuona miguu.

Upande wa pili wa maisha yake ndio unaosahaulika. Alirudi nyumbani, na mwaka 2008 Jeonju KCC wakamchukua kuwa chaguo la kwanza la drafti ya ligi ya Korea, KBL. Pale alimkuta Seo Jang-hoon, senta (mchezaji mrefu wa karibu na goli) mkongwe wa sentimita 207. Watu walisubiri minara miwili isimame pamoja. Haikusimama: dakika hazikutosha wawili, na kabla msimu haujafika mbali Seo akahamishwa. Timu ikabaki na kijana, ikatwaa ubingwa mwaka 2009. Mwaka 2011 ikatwaa tena, na Ha akawa mchezaji bora wa fainali. Akiwa na KCC tu, kwa miaka kumi na moja ukitoa miwili ya utumishi wa lazima wa kitaifa, alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 11 na ribaundi zaidi ya 8.

Wabishi watakuambia mafanikio hayo ni ya kimo tu. Hapo nitawapa haki yao, maana kuna mahali kimo hakisaidii: mstari wa mitupo huru. Hapo hakuna wa kumzuia. Jamaa anasimama, mpira ukiwa kama chungwa mkononi mwake, anakunja goti kidogo, anausukuma, unagonga chuma. Karibu nusu ya mitupo yake ilikwenda hivyo. Makocha wa timu pinzani walilijua hilo, wakawa wanamfanyia faulo makusudi mchezo ukibana, na KCC ikalazimika kuchagua kati ya kumwacha ndani au kumkalisha benchi dakika za mwisho, wakati ule hasa ambao senta wako mkubwa unamhitaji. Halafu majeraha. Msimu wa 2016-17 karibu wote ulipotea kwa kifundo cha mguu.

Lakini kusema "kimo tu" ni kusahau jinsi kimo kilivyokuwa kinaogopwa kwenye ligi ile. Msimu wa 2018-19 KBL iliweka kikomo cha mita mbili kwa wachezaji wa kigeni, ati mchezo uchangamke, na watu wazima wakawa wanapimwa kwa rula kama watoto kliniki. Ha, akiwa mzalendo, hakuhusika na rula. Hata hivyo huo ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho. Mkataba ulipokwisha mwaka 2019 hakusaini mwingine, akastaafu akiwa na miaka 33, akahamia YouTube kuikosoa ligi aliyoichezea.

Kwangu mimi, kosa halikuwa kuondoka. Kosa, kama lipo, ni kwamba katika ile misimu miwili ya Portland hakuna aliyemjengea mkono wa kutupa. Miguu mizito huwezi kuibadilisha sana, ila mtupo huru hauhitaji mbio wala kuruka.

Anayetaka kuona njia nyingine amtazame Mkorea mwingine, Lee Hyun-jung. Sentimita 201, mama yake Sung Jung-a alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1984. Lee hakuharakisha: alisoma chuo cha Davidson, Marekani, miaka mitatu, na msimu wa 2020-21 alifunga asilimia 50 ya mitupo ya kawaida, 44 ya pointi tatu na 90 ya mitupo huru. Yaani kila alichokosa Ha, yeye alikuwa nacho. Mwaka 2022 akaumia mguu wakati wa majaribio, na usiku wa drafti ya NBA majina 58 yakasomwa bila lake kutajwa.