Boksi Nalo ni Gemu

Mwaka 1990 kampuni ya Nintendo ilitoa gemu inayoitwa StarTropics kwa ajili ya NES, mtambo wake wa kuchezea gemu kwenye televisheni. Ndani ya boksi, pamoja na kaseti na kijitabu cha maelekezo, kulikuwa na barua ya karatasi kutoka kwa mwanaakiolojia kwenda kwa mtoto wa ndugu yake. Ukiiona unaweza kudhani ni pambo tu. Lakini ukishacheza sana unafika mahali unapoambiwa uichovye barua hiyo majini. Si barua ya kwenye skrini, ni hiyo hiyo iliyokuja na boksi. Ukiichovya, maandishi yaliyofichwa yanajitokeza, na humo mna namba ya masafa, 747. Bila namba hiyo nyambizi yako haisogei. Mtoto aliyeazima kaseti tupu alikwama hapo hapo.

Nimeanza na barua hii kwa sababu naulizwa mara nyingi kwa nini nahangaika kutafuta gemu za zamani zikiwa na maboksi yake, wakati kaseti peke yake inapatikana kwa bei ndogo zaidi na inacheza vilevile. Mimi nasema haichezi vilevile. Super Mario Bros. ya 1985 yote nzima ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako ina uzito kuliko huo mara nyingi. Waliotengeneza gemu hawakuwa na nafasi ya kusimulia hadithi ndani ya kaseti, kwa hiyo hadithi waliiweka kwenye kijitabu. Humo ndimo unaposoma kwamba wenyeji wa ufalme wa ndani ya gemu hiyo waligeuzwa kwa uchawi kuwa mawe na matofali. Watu wamecheza gemu hiyo miaka arobaini, wakiruka na kupiga matofali, bila kujua jambo hilo. Na mwaka 1998, enzi za CD, Metal Gear Solid ya PlayStation ilimtaka mchezaji atafute namba ya mawasiliano nyuma ya kasha la CD. Iko pale, 140.15, imechapwa kwenye picha ndogo. Aliyenunua CD bila kasha lake aliishia kuwauliza wenzake.

Kwa hiyo anayetaka kuanza mkusanyo, ushauri wangu wa kwanza ni achague mtambo mmoja tu. Sisemi hivi kwa kubana matumizi peke yake. Kila mtambo una maboksi ya aina yake, karatasi zake na magonjwa yake, na macho yanahitaji muda kuyazoea. Maboksi ya mitambo ya Nintendo, yaani NES, Super Nintendo, Nintendo 64 na Game Boy ya mkononi, yalikuwa ya kadibodi. Watoto waliyachana siku ya kwanza, wazazi wakayatupa wiki iliyofuata, ndiyo maana leo ni adimu na kaseti zake ni tele. Kampuni ya Sega iliziweka gemu nyingi za mtambo wake wa Mega Drive kwenye makasha ya plastiki yanayofunguka kama kitabu, na kijitabu kinabanwa ndani ya mfuniko. Makasha hayo yamevumilia. Kama unaanza, na roho yako haijafungwa na Nintendo, anzia Mega Drive au PlayStation. Utapata gemu kamili bila kuumia sana, na utajifunza ukamilifu unafananaje kabla hujaingia kwenye kadibodi.

Usisahau suala la kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo gemu ilitengenezewa. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni za herzi 60 za Japani na Marekani zilipouzwa Ulaya, kwenye televisheni za herzi 50, ziliachwa bila kurekebishwa, zikawa zinakwenda polepole kwa takriban asilimia 17, muziki na kila kitu. Ukiwa na kaseti ya kanda moja na mtambo wa kanda nyingine, mara nyingi hata kuwaka haiwaki. Game Boy haina kizuizi hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipenda.

Boksi langu la kwanza lilikuwa la Game Boy hiyo hiyo. Muuzaji aliandika "kamili", nami nikaamini neno. Lilipofika, boksi lilikuwa halisi na kaseti halisi, ila kijitabu kiling'aa mno. Pini zake za katikati zilikuwa nyeupe pe, hazina hata chembe ya kutu, na herufi nyeusi nilipozitazama kwa kioo cha kukuzia zilikuwa mkusanyiko wa vitone vya rangi rangi, kingo zake zimefifia. Katika uchapaji wa asili, maandishi meusi huwa wino mweusi mmoja, mkali, na vitone huonekana kwenye picha tu. Kile kilikuwa nakala iliyopigwa skana. Niliumia, si kwa pesa tu. Tangu siku ile sinunui neno. Naomba picha ya kila kilichomo, mbele na nyuma, na picha ya kaseti kwa karibu. Kaseti halisi za Game Boy huwa na namba ndogo iliyokandamizwa kwenye lebo, haina wino, unaiona ukiinamisha kaseti kwenye mwanga. Feki nyingi hazina. Kama muuzaji hataki kupiga picha nyingine, mwache aende na gemu yake.

Sasa niseme jambo ambalo wakusanyaji wenzangu wengine hawalipendi. Sinunui gemu ambayo haijafunguliwa, na simshauri anayeanza anunue. Mwezi Julai 2021 nakala moja ya Super Mario 64, bado na nailoni yake ya kiwandani, iliuzwa kwenye mnada nchini Marekani kwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo ilitoka 1996 na zikauzwa nakala zaidi ya milioni 11, kwa hiyo si gemu adimu. Kilichonunuliwa pale ni nailoni, na alama 9.8 ya ubora wa hali yake, iliyoandikwa juu ya kasha gumu la plastiki ambalo hakuna atakayelivunja. Kijitabu kimo ndani na hakijasomwa. Mimi naona huko ni kuifungia gemu jela. Mbaya zaidi, bei za namna hiyo huvuta watu wanaotafuta faida, na mtoto wa mtu anayetaka tu boksi la gemu aliyoipenda anasukumwa pembeni.

Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kuuzwa rasmi. Mwaka huo huo, Machi 27, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mitambo yake ya 3DS na Wii U. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, utaelewa kwa nini kijitabu kilichokunjika kona kinanipa furaha. Ni kitu ambacho hakuna mtu wa mbali anayeweza kukizima.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Jua ndilo adui mkubwa, maana rangi nyekundu huanza kufifia kabla ya nyingine. Unyevu unaleta ukungu. Usipange maboksi ya kadibodi moja juu ya jingine, yatabonyea. Yasimamishe kama vitabu. Na tafadhali usipulize kaseti kwa mdomo, mate yanakula shaba. Kijiti cha pamba na spiriti kidogo vinatosha. Gemu zinazohifadhi mchezo kwa betri, betri ikifa nabadilisha. Inahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8 na mkono mtulivu wa kulehemu. Wapo wanaosema kaseti isiguswe ibaki ya asili, lakini gemu isiyokumbuka ulipoishia mimi naihesabu mgonjwa.

Boksi ninalolipenda kuliko yote rafuni kwangu ni la Mega Man 2 ya NES. Kona moja imepasuka na mtu aliibandika kwa gundi ya karatasi iliyogeuka njano. Mnada wa mamilioni usingelitazama mara mbili. Nilipolifungua nilitoa kaseti ikiwa kwenye mfuko wake mweusi, kikafuata kile kipande cheupe cha foami kinachoizuia isicheze ndani, halafu kijitabu. Katikati ya kijitabu kulikuwa na kipande cha daftari kilichokunjwa mara nne. Mtoto alikuwa amechora kwa penseli jedwali la vyumba vitano kwa vitano, na ndani yake vitone tisa, viwili vikiwa vimefutwa na kuchorwa upya kwa kukandamiza. Ndivyo neno la siri la kuendelea ulipoishia lilivyo kwenye gemu hiyo, vitone badala ya herufi.

Niliwasha televisheni ya chogo nikaviingiza kimoja kimoja. Ikakubali. Kati ya maadui wakubwa wanane, sita walikuwa wameshapigwa. Niliwamaliza wawili waliobaki usiku ule ule, kisha nikaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani na kuirudisha katikati ya kijitabu.