Vifungo vya shati na dozi ya dawa

Kila nikipiga simu nyumbani hakosekani ndugu wa kuniambia, "Bora wewe uliye huko, mnapata dawa nzuri." Dawa ni ileile. Nina mieloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, na sindano ya bortezomibu niliyoanzishiwa nyumbani ndiyo ninayochomwa huku, tumboni chini ya ngozi, pamoja na vidonge vya deksamethasone. Tofauti niliyoiona iko kwenye maswali.

Nyumbani daktari alisoma majibu ya vipimo tu: damu imepanda, figo ziko sawa, haya, tuonane wiki ijayo. Simlaumu sana, foleni mlangoni kwake haikuwa na mwisho. Lakini ganzi iliyoanzia nyayoni na baadaye ikaingia vidoleni ilibaki yangu peke yangu.

Huku, kabla sijachomwa, nesi huuliza: "Vifungo vya shati unafunga mwenyewe? Ukikanyaga sakafu unaisikia?" Nilipomwambia siku hizi navaa fulana kwa sababu vifungo vinanishinda, hakucheka. Alimwita daktari, dozi ikapunguzwa, na badala ya sindano mbili kwa wiki nikawa napata moja. Ganzi ya dawa hii ikiwahiwa mara nyingi hupungua. Ikipuuzwa inaweza kubaki nawe hata baada ya matibabu kwisha. Na hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha.

Mara kwa mara najaza pia dodoso la maswali 30 liitwalo QLQ-C30. Linauliza kuhusu usingizi, maumivu, uchovu, hata kama matibabu yamekutia katika shida ya fedha. Swali la mwisho linakutaka uupe alama ubora wa maisha yako ya wiki iliyopita, kuanzia 1 hadi 7.

Alama zangu za huku si za kujivunia. Siku ya deksamethasone usingizi hauji. Saa nane za usiku niko macho, mwili unachemka, natamani mtu wa kupiga naye soga, na jirani wa mlango wa pili hata jina lake silijui. Nyumbani ningegonga ukuta tu, mtu angeitika. (Ingawa chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maradhi, zikishuka, nyumba iliyojaa wageni wenye mafua nayo ni balaa.)

Hata hivyo, wanaosema kwetu tuna watu kwa hiyo makaratasi ya nini, siwaelewi. Watu wanakuuliza, "Unaendeleaje?" nawe unajibu, "Namshukuru Mungu." Hakuna daktari anayeweza kupunguza dozi kwa jibu hilo. Dodoso lenyewe ni kurasa mbili, halihitaji mashine wala umeme. Mgonjwa apewe akiwa kwenye foleni, alijaze akisubiri kuitwa. Muda wa kusubiri, kwetu, haujawahi kuadimika.