Juzuu ya Tano, na Bado Hawajafika

Sasa huyu mvuvi ni nani?

Nauliza kwa adabu, kama msomaji mwenye haki zake. Juzuu ya nne ya riwaya yangu ndefu ya njozi iliisha shujaa wetu akining'inia ukingoni mwa jabali kwa mkono mmoja, tena ule ulioumizwa, na chini yake joka limeachama. Nimeingoja juzuu ya tano kwa subira ya mtu mzima. Nimeifungua: mvuvi! Ana mashua inayovuja, ana mke anayekohoa, ana maoni marefu kuhusu upepo. Nikasema haya, huyu lazima ni mtu wa maana, ngoja nimshike vizuri. Nikamshika mpaka majina ya watoto wake. Mwisho wa dibaji kikatoka kitu majini kikammeza, yeye na mashua na upepo wake. Kufunua sura ya kwanza, binti mfalme ambaye sijawahi kumpenda anachagua gauni.

Wenzangu wa juzuu za kati mnanielewa. Za mwanzo zina watu wanaoaga kwao, za mwisho zina vita, za kati zina njia tu. Watu wanatembea kwenda kaskazini, wanakutana na waliokuwa wakitembea kwenda kusini, wanasimuliana yale tuliyokwisha kuyasoma, wanalala. Asubuhi mvua. Wanatembea.

Na ugonjwa huu una ukoo. Tolkien aliandika The Lord of the Rings kama kitabu kimoja, mchapishaji akaona gharama, akakikata vipande vitatu. Kipande cha kati kilitoka Novemba 1954. Frodo, mhusika mkuu, haonekani humo mpaka nusu ya kitabu ipite, na akishaonekana, kitabu kinaisha yuko mikononi mwa adui. Kipande cha tatu kikatoka Oktoba 1955. Karibu mwaka mzima Frodo kashikwa, na watu waliendelea na kazi zao! Robert Jordan naye alianza The Wheel of Time mwaka 1990. Juzuu ya kumi, ya 2003, imejaa watu mbalimbali, kila mmoja alipo, wakishtushwa na tukio moja ambalo sisi tulilimaliza mwishoni mwa juzuu ya tisa. Akafariki 2007 kabla ya kufika mwisho, Brandon Sanderson akakabidhiwa kilichobaki, kitabu kimoja cha kufungia kikazaa vitatu, na cha kumi na nne kikatoka 2013. George R. R. Martin yeye, katika A Song of Ice and Fire, aliwagawa wahusika kwa maeneo: wengine juzuu ya nne ya 2005, wengine, wale tunaowapenda, wangoje. Akaandika mwishoni mwa kitabu kwamba anatumaini watafuata mwaka unaofuata. Walifuata 2011. Cha sita tusikitaje, kuna watu wana shinikizo la damu.

Haya yote ningeyabeba kimyakimya, ila kitabu chenyewe hakifichiki, kizito kama tofali, na nikiwa nacho sebuleni watu huuliza. Mwanangu aliuliza kama kina picha, nikamwonyesha ramani, akaondoka zake. Jirani aliuliza nasomea mtihani gani. Aliyeniweza ni baba mkwe.

Baba mkwe hasomi riwaya. Ni mzee wa mashauri, yule anayeitwa ndugu wakishaanza kurushiana viti. Akavua miwani, akaifuta, akakitazama kitabu kwa heshima, nadhani alidhani ni cha sheria.

"Mwanangu, hicho kinahusu nini?"

Nikajikohoza. Nikaweka sauti ya mhadhiri. "Kinahusu kiti cha enzi, baba. Mfalme amefariki, warithi wanagombana."

Macho yakamng'aa. "Warithi wangapi?"

"Saba, baba. Yaani sita. Mmoja ni mzimu."

"Mzimu harithi. Endelea."

"Halafu yupo kijana mchunga mbuzi, ndiye mhusika mkuu. Kumbe ni mtoto wa mfalme."

"Wa ndani ya ndoa?"

"Wa nje, baba."

"Alitambuliwa mbele ya mashahidi?"

"Kuna unabii."

"Uliotolewa na nani?"

"Bibi mmoja kipofu. Alifariki juzuu ya kwanza."

"Kwa hiyo shahidi ni mmoja, haoni, na ni marehemu." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemleta huyo bibi barazani. "Na kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Ananing'inia jabalini, baba. Jeshi lake linakuja kumwokoa. Linatembea."

"Lilianza kutembea lini?"

"Juzuu ya pili."

"Wanakula nini?"

Nikakwama. Si kwamba sijui. Najua, wote mnajua: mchuzi. Watu elfu arobaini, adui yuko nyuma yao, usiku wameketi wanangoja nyama ichemke taratibu mpaka iive. Nikamwambia. Baba mkwe akanyamaza muda mrefu.

"Mchuzi," akasema. "Na masufuria yanabebwa na nani?"

Sijui, baba! Sijui nani anabeba masufuria! Nimesoma maelfu ya kurasa, najua rangi ya hatamu za farasi wa mjumbe aliyetokea mara moja akafa, najua beti zote za wimbo wa walinda lango, sufuria haijatajwa hata moja! Mke wangu akachungulia kutoka chumbani. Nami nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafunguka: simtaki mfalme, silitaki joka, unabii nao wakae nao, nataka mtu mmoja tu atoke huku afike kule! Afike! Akae! Avue viatu!

Baba mkwe akanishika bega kwa huruma. "Pole, mwanangu. Niletee cha kwanza."

Sasa yuko juzuu ya tatu na maisha yangu yameharibika. Ananipigia simu alfajiri. "Yule mwenye kovu, ndiye aliyemtia mfalme sumu au ndiye aliyemuuguza farasi?" Namtajia mmoja kwa sauti ya kujiamini, nakata simu. Halafu amehama upande. Anasema Bwana wa Giza ndiye mtu pekee katika kisa kizima mwenye hati yenye muhuri, hao wengine wanakuja na ndoto na alama za mabegani. Anataka tukae kikao. Nimemwambia Bwana wa Giza anakula watoto, akasema hilo ni shauri jingine, lisichanganywe na la urithi.

Na majina je! Kila mmoja jina lake linaanza na K, katikati kuna koma ya juu inayosomeka sijui kwa pua. Ramani nayo, mji unaozungumzwa kitabu kizima umechorwa palepale kwenye mkunjo, uone mnara mmoja tu na nusu ya mto. Nilipokwenda kwenye faharasa ya wahusika, nijue angalau huyu mjomba aliyeingia ukurasa wa 612 kwa machozi na kukumbatiwa na kila mtu ametokea wapi, nikakuta imepangwa kwa majina ya koo. Ukoo wa mjomba ni siri. Inafichuliwa juzuu ya sita.