Arubuni haisomi cheti cha daktari

Mama yangu mdogo alikanyaga kipande cha kombe pwani ya Jambiani, hapa Unguja, katikati ya Machi, akakichomoa kwa kucha, akaendelea na shughuli zake. Ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na balaa ya mguu wa mwenye sukari ni kwamba hauumi. Aliligundua jeraha siku ya tisa, akitawadha, alipoona kidole kidogo kimebadilika rangi.

Mei alikuwa apande meli ya kitalii Barcelona pamoja na binti yake anayefanya kazi Uingereza. Siku saba za Bahari ya Kati: Marseille, Genoa, Naples, kisha kurudi. Binti alijinyima mwaka mzima. Sebuleni kwake Kwerekwe kulikuwa na boksi la viatu vya kutembelea, vyeupe, soli nene, ambavyo bibiye alivivaa mara moja tu kuwaonesha majirani, akavirudisha kwenye karatasi yake.

Hakwenda. Fedha, pauni 2,400 za watu wawili, hazikurudi ila chembe. Tangu hapo kila tukikutana kwenye futari au maziko, familia hugawika pande mbili. Wapo wanaosema wameibiwa: mtu anaumwa, daktari kaandika, kampuni ile ina meli kubwa kuliko mtaa wetu, wanashindwa nini kurejesha? Na wapo, akiwemo mjomba aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, wanaosema hakuna wizi wowote hapo. Mkataba ulisomeka, hakuna aliyeusoma.

Mimi nimekaa katikati, lakini si nusu kwa nusu.

Tuanze na mjomba. Chumba cha meli kina tabia ya samaki wa sokoni jioni. Asubuhi unaweza kukataa bei, alasiri unapunguza, magharibi unagawa. Meli ikishang'oa nanga, chumba kitupu hakina thamani hata ya senti. Ndiyo maana masharti ya kampuni nyingi yana ngazi. Ukijitoa mapema, kabla ya kumalizia malipo (mara nyingi kiasi cha miezi mitatu kabla ya safari), unapoteza arubuni tu. Ukikaribia, unapoteza robo au nusu, kisha robo tatu. Wiki mbili za mwisho zote ni zao. Viwango na siku hutofautiana baina ya kampuni na kampuni, ila sura ya ngazi ni hiyohiyo. Na katika ngazi hiyo hakuna mlango ulioandikwa "wagonjwa". Aliyeghairi kwa kuugua na aliyeghairi kwa kugombana na mumewe wanasimama kwenye foleni moja.

Hilo linaonekana ukatili, lakini lina hesabu yake. Bei ile iliyotushangaza kwa uchache imepangwa kwa dhana kwamba ukiumwa, hasara ni yako. Kampuni ingebeba ugonjwa wa kila abiria, bei ingepanda kwa wote, pamoja na wazima. Na meli za kitalii hupandwa sana na wazee. Katika maelfu ya abiria, kila wiki yupo aliyeanguka bafuni, yupo ambaye moyo wake umechachamaa. Cheti cha daktari kingekuwa ufunguo wa kurejeshewa, tujiulize wenyewe kwa uaminifu, hapa mjini petu, cheti kinapatikana kwa shida gani?

Sasa upande wa pili, na hapa mjomba huanza kukohoa. Kwanza, si kweli kwamba chumba kilichoachwa hubaki kitupu daima. Zipo orodha za wanaosubiri, wapo wanaonunua dakika za mwisho, na pale chumba kinapouzwa tena kampuni imekula mara mbili. Pili, mkataba wenyewe una upande mmoja. Upepo ukivuma, nahodha anaweza kuiruka bandari uliyoilipia, na masharti humruhusu. Abiria amefungwa kamba, kampuni imefungwa uzi.

Na masharti hayo ya herufi ndogo yana nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya Carnival Cruise Lines dhidi ya Shute, iliamua kwamba abiria wa jimbo la Washington aliyeumia melini alifungwa na sharti lililochapwa kwenye tiketi yake, la kushtaki Florida tu, pembe ya pili ya nchi. Tiketi yenyewe aliipokea baada ya kulipa. Basi mtu wa Kwerekwe atashtaki wapi?

Bahati ya mama mdogo ni kwamba safari ilinunuliwa Uingereza. Kule kuna kanuni za mwaka 2018 za safari za vifurushi, yaani zile zinazouzwa usafiri na malazi kwa pamoja, zilizotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015. Kanuni hizo hazimpi mgonjwa fedha zake. Ugonjwa wako mwenyewe hauhesabiwi katika yale matukio makubwa yasiyoepukika yanayokurejeshea zote. Hayo lazima yatokee kule uendako au jirani yake. Lakini zinampa mambo mawili ambayo familia yetu haikuyajua mpaka meli imesharudi.

La kwanza, ada ya kughairi inatakiwa iwe ya haki, na msafiri akiuliza, muuzaji analazimika kueleza kiasi hicho kimepatikanaje. Barua moja tu: mmekata zote kwa hesabu gani, na chumba kile mlikiuza tena au hamkukiuza? La pili ni kubwa zaidi: unaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako, kwa kutoa taarifa angalau siku saba kabla ya safari na kulipia gharama za kubadilisha jina. Nafasi ya mama mdogo angeweza kupewa rafiki yeyote wa binti yake kule Leicester mwenye pasi ya Uingereza, asiyehitaji viza. Watu wangeigombania.

Kwa nini hawakujua? Kwa sababu walikuwa wanangoja. Nadhani hapo ndipo fedha zilipozama hasa, si kwenye masharti. Daktari alisema mwisho wa Machi: mguu huu haupandi ndege mpaka ufunge. Zilibaki wiki sita. Siku ile wangeghairi, kwa ngazi ya kampuni yao, nusu ingerudi, pauni 1,200. Lakini mama mdogo alimficha binti yake ukubwa wa kidonda. Kwenye simu ya video aliinua kamera juu, uso tu na kanga, akisema "alhamdulillahi, kinakauka". Alikuwa anaona haya kuvunja zawadi ya mtoto. Kila asubuhi alikwenda kufungwa bendeji, kila jioni akasema labda wiki ijayo. Binti akaja kuujua ukweli siku tisa kabla ya safari, ngazi imekwisha, na mlango wa siku saba ulikuwa bado wazi, ila nani alikuwa na akili ya kuutafuta usiku ule? Subira tunayoisifu sana, kampuni ya meli inaiuza kwa bei ya juu.

Wanaojua mambo husema neno moja: mngekata bima. Ni kweli, ila ni kweli nusu, na nimechoka kulisikia likisemwa kama dawa ya kila kitu.

Mama mdogo alikuwa na bima! Alikuwa nayo mkononi, na muhuri. Viza ya Schengen, ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, haitoki bila bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na yeye aliikata pale alipovuka kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya viza. Familia nzima iliamini kwamba ile karatasi ndiyo "bima ya safari". Kumbe ile ni ya kumlinda mwenyeji asibakiwe na deni la hospitali wala jeneza la kusafirisha. Inaanza kufanya kazi ukishafika. Chumba chako cha meli hakiijui wala haikijui.

Ndivyo ilivyo hata kwa bima yetu wenyewe. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kukata bima ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, na wageni wengi walinung'unika kwamba tayari wanazo za kwao. Nami nilikuwa miongoni mwa waliowacheka. Lakini nayo ni bima ya mtu aliyekwishafika: matibabu, mizigo, kusafirishwa akizidiwa. Tumejifunza kumlazimisha mgeni, wakati mzee wetu anayetoka nje hatujamwambia hata kwamba bima zina aina.

Bima ya kughairi safari ni kitu kingine kabisa, na mama mdogo angeipata wapi? Kampuni za Uingereza kwa kawaida huwakatia wakaazi wa Uingereza. Angeipata pengine, lingekuja suali la pili: una maradhi yoyote? Sukari miaka kumi na moja. Bima nyingi haziyalipi maradhi uliyokuwa nayo kabla, au zinayalipa kwa ada ya ziada, au kwa sharti kwamba uikate ndani ya siku chache baada ya kutoa arubuni. Ukinyamaza usiseme una sukari, siku ya kudai fidia wanafungua faili lako la hospitali na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo mtu anayehitaji zaidi bima ya kughairi ndiye anayekaribishwa kidogo zaidi. Aliyepaswa kuikata ni binti, kwa upande wake: bima nyingi za kule humlipa mwenye bima sehemu yake anapoghairi kwa sababu ya ugonjwa wa ndugu wa karibu, ingawa nako wataiuliza ile sukari.

Halafu lipo suala la dini, na Zanzibar huwezi kuandika bima ukaliruka. Wapo jamaa zangu ambao hawakati bima yoyote isipokuwa ya gari, na hiyo kwa kuogopa trafiki. Hawana makosa ya kupuuzwa: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokaa Jeddah Desemba 1985, lilisema bima ya kibiashara ya ada maalumu ina gharari kubwa, yaani mashaka ya nani atapata nini, na ni haramu, likaruhusu ile ya kusaidiana. Ndiyo mlango wa takaful, bima ya Kiislamu ya kusaidiana, na ZIC nao wanayo huduma hiyo sasa.

Kinachonichekesha ni kwamba walewale wanaoikimbia bima hawana tatizo na arubuni. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na masheikh waliliandika zamani: mnunuzi anatoa kitangulizi, akiacha bidhaa kitangulizi kinabaki kwa muuzaji. Mahanbali wanairuhusu. Wanazuoni walio wengi hawairuhusu, na miongoni mwao wamo Mashafii, madhehebu yetu sisi. Lakini nenda kwa mwenye ukumbi wa harusi mjini, umwambie bwana harusi kavunjika mguu, nirudishie arubuni yangu kwa mujibu wa Imamu Shafii. Utaniambia alivyokutazama. Tumeizoea hasara ya arubuni kwa mwenzetu wa mtaani, tukaona ni desturi, kisha tukaiita wizi ilipotoka kwa Mzungu. Sisemi kwamba kampuni ina haki zaidi kwa hilo. Nasema hasira zetu hazina mizani.

Dini hiyohiyo inamsifu anayemkubalia mwenzake kuvunja mauzo baada ya kujuta, na inamwahidi malipo mbele ya Mungu. Lakini hilo ni hisani, halidaiwi mahakamani. Kampuni za meli nazo huwa na hisani yake: ukiandika vizuri, ukaambatisha karatasi za hospitali, baadhi hukupa hati ya kusafiri siku nyingine badala ya fedha. Unaomba, hudai. Watu wetu wakali wa kudai, kuomba kwa maandishi ni wavivu.

Kwa hiyo nikiulizwa, kampuni ilikuwa na haki ya kukata, lakini sikubali kwamba ilikuwa na haki ya kukata zote bila kueleza. Lawama yangu kubwa naipeleka kwa wakala aliyeuza. Alimwandikia binti ujumbe kumi na saba kabla ya malipo ya mwisho, nimeuona uzi mzima kwenye simu, pamoja na mmoja wa kumkumbusha kununua kifurushi cha intaneti ya melini. Hakuna hata mmoja uliosema: ukifika tarehe hii unapoteza nusu, ukifika ile unapoteza zote, na jina linaweza kubadilishwa. Mistari mitatu. Masharti yalikuwa kwenye kiungo chini kabisa.

Chembe iliyorudi ilikuwa kodi na ada za bandarini. Abiria asiyepanda hahesabiwi bandarini, kwa hiyo hiyo si faida ya kampuni kuizuia, na kawaida hurejeshwa. Hata hiyo binti aliipata baada ya kuandika mara mbili. Alimtumia mama yake, naye akalipia teksi za kwendea bendeji.

Kidonda kilifunga mwezi wa Julai. Viatu vyeupe vimo bado juu ya kabati, ndani ya karatasi. Juzi mama mdogo aliuliza kwenye simu, safari hii kamera ikimwonesha mpaka miguuni, kama meli ile huondoka tena mwakani. Binti akamjibu asubiri kwanza amsomee masharti.